Ngamia wa Hooyo, Kamera ya Hinda

Hinda wa mtaa wa Iftin, Garissa, hupiga picha za harusi upande wa wanawake, kule ndani ambako hijabu huvuliwa na mwanamume hakanyagi. Kamera yake, wallahi, haina jina. Yaani jina linalo, ila ukilitaja watu wanakuuliza kama ni sabuni.

Muuza duka hakumficha kitu. "Kampuni kubwa zinauza jina, dada. Hizi ndogo zitakupataje? Zinakutilia ndani sensa kubwa, ile inayodaka mwanga, kwa bei ambayo wakubwa wanakuuzia sensa ndogo. Lakini lenzi zake utazitafuta kwa tochi, na flashi ya kampuni nyingine haiikubali."

Hinda akainunua hivyo hivyo, bila flashi. Pesa zilitoka kwa Addey, ngamia wa maziwa ambaye mama yake, Qali, alimuuza kule Hadado bila kumshauri mtu. Tangu siku hiyo hooyo, yaani mama yake, akipiga simu haulizi habari za kamera. Huuliza, "Addey umemkamua leo?" yaani, kamera imeleta pesa?

Loo, jibu lilikuwa la aibu! Wateja walimkimbilia Hani, mpiga picha mwenye kamera ya jina kubwa. Mwisho Hinda akajiapiza kwamba harusi iliyofuata, ya msichana Ikran, ikimharibikia, atauza kamera amrudishie mama yake ngamia.

Siku ikafika. Mlangoni alisimama Fathi, shangazi wa bwana harusi, akikusanya simu za wageni wote, maana siku hizi picha ya mwanamke asiyejifunika ikivuja ni balaa. Akazifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo akautia kifuani, kisha akaenda nyumba ya jirani kuangalia pilau. Hajarudi, stima zikapotea.

Nyumba imejaa wanawake, nje jua limeshazama, na hakuna hata mmoja mwenye tochi! "Fathi na ufunguo wake yuko wapi?" Vicheko vikapasuka. Mtu akapapasa jikoni akaleta taa ndogo ya kuchaji, akaiweka chini kando ya ngoma.

Hapo ndipo bibi yake Ikran alipoinuka. Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Hagadera asubuhi, na mchana kutwa alikataa kusimama acheze. "Zile taa zenu zilikuwa zinanichoma macho," akasema. "Sasa ndiyo naiona harusi." Akatandaza shali, akaanza buraanbur, ule wimbo wa sifa ambao wanawake huuimba wakicheza.

Hinda akainua kamera. Akingoja stima, bibi atakaa, na akikaa hainuki tena. Akaifungua lenzi yote idake mwanga, akabana pumzi. "Addey, nakuomba, usinipige teke," akaiomba kamera moyoni. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

Stima ziliporudi wakamzunguka. Bibi alikuwa pale kwenye kioo cha kamera, mkono juu, mwanga wa ile taa ndogo shavuni, kila kunjo mahali pake, mdomo wazi kwa kicheko. Ikran aliitazama, machozi yakimharibia wanja.

"Abaayo Hinda, dada yangu," akasema, "picha zote za ayeeyo, bibi yangu, ni za kadi ya posho. Anaangalia mbele kama mtu anayehojiwa. Picha yake akicheka sijawahi kuwa nayo."

Wanawake watatu walimwekea Hinda tarehe za harusi zao palepale. Hinda alimshukuru Mungu, akawaombea dua hata mafundi wa ile kampuni ndogo asiowajua, waliotia kitu kikubwa ndani ya kamera isiyo na jina. Fathi aliporudi na ufunguo, Hinda alikuwa wa kwanza kudai simu yake, akampigia mama yake.

"Hooyo," akasema, "Addey amekamuliwa. Chombo kimejaa." Akamsimulia picha ya yule bibi.

Kule Hadado mama yake akasema, "Alhamdulillahi. Maziwa ya kwanza hayauzwi, mwanangu. Mpe yule bibi mzee."

Picha ya yule bibi, Hinda aliichapa kubwa, akaipeleka Hagadera mwenyewe, bure.