Tulivyokula Bila Moto

Moto unajuaje kwamba mtu amefiwa?

Nilimwuliza mama swali hilo asubuhi moja, akiwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia. Nyuma yake mafiga yetu yalikuwa yamefagiwa hata majivu. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua inayokuja upande wa nguo alizoanika, kisha akaendelea kusaga. 

Baba alikuwa amefia ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya shaba, Rhodesia ya Kaskazini. Habari ililetwa, pamoja na koti la baba, na mwanamume wa kijiji cha Ihanda aliyefanya naye kazi. Matanga tuliyakaa bila maiti. Siku ya kumaliza matanga, bibi, mama yake baba, aliingia nyumbani kwetu na ungo, akazoa majivu yote ya jikoni na kuyamwaga njiani. Kwa desturi ya kwetu mjane anabeba kifo mwilini. Mpaka kitolewe, hauruhusiwi moto kukokwa katika nyumba yake, kwa sababu chakula kitakachopikwa humo kitawapa watoto kikohozi kisichopona. Njia ya kukitoa, tuliambiwa, ilikuwa moja tu: mdogo wake marehemu amrithi mjane.

Mama alimkataa baba mdogo. Alikuwa amebatizwa, aliolewa kanisani, na alisema hatakwenda kuwa mke wa pili wa mtu. Aliyasema hayo mbele ya ukoo wote kwa sauti ya chini, akitazama mikono yake.

Bibi hakugombana naye. Alikuwa mwanamke mwembamba, msafi, asiyepandisha sauti hata kwa kuku.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Hakuna anayekulazimisha. Kaa na kifo chako. Lakini watoto ni wa moto unaowalisha. Siku wakila kwangu, ni wangu. Wazee wakikaa baada ya mavuno nitawaambia hivyo hivyo."

Wakati huo mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, na mdogo wangu wa kike alikuwa ameachishwa ziwa majuzi tu. Mpaka wazee wakae, mama alipaswa kutulisha bila moto. Akiweza, angeondoka nasi kwenda kwao, milimani Ileje. Akishindwa, angetuacha.

Nimewasikia watu, hata chuo kikuu, wakisema kwamba chakula kibichi hakina kazi: unachuma, unaosha, unakula. Hao hawajamlisha mtoto asiye na magego. Moto ni mfanyakazi. Unalainisha, unaua wadudu, unatoa sumu, unaondoa harufu ya udongo. Ukiufukuza, kazi zake zote zinakuja mikononi mwa mwanamke mmoja.

Ulezi mama aliuloweka, akautandaza kwenye kikapu chini ya majani ya mgomba, akaunyunyizia maji mpaka ukachipua. Kisha aliuanika, akausugua kuondoa vimizizi, akausaga mara mbili, maana unga mbichi uliosagwa mara moja unakwaruza koo. Akaukoroga kwa maji aliyoyaacha juani tangu asubuhi ndani ya mtungi mweusi, ili angalau mtoto ahisi uvuguvugu. Uji wenyewe ulikuwa mtamu kidogo na mzito kama matope ya mfinyanzi. Ukiuacha mpaka jioni umechacha. Kwa hiyo kila mlo ulisagwa upya.

Karanga alizichambua moja moja, akitupa yoyote yenye ukungu, akaziloweka, akazimenya ngozi kwa vidole, akazitwanga, akazikamua kwenye kitambaa cha kilemba chake. Hayo ndiyo yalikuwa maziwa ya mdogo wangu. Vidole vya mama vilipasuka pembeni mwa kucha, na vikabaki hivyo.

Majani ya maboga alikwangua vinyweleo vyake, akayatwanga na matango, kisha akanisukumia bakuli. Chumvi niliitia mimi. Ilikuwa chumvi ya Ivuna, ya kijivu, iliyofungwa kwenye majani makavu, nayo mwanamke mwenye kifo hatakiwi kuitia kwenye chakula cha watoto. Alisogea nyuma, akaficha mikono mgongoni kama mwizi, nami nikanyunyiza kwa vidole vyangu vichafu. Mara nyingine ilizidi. Tulikula hivyo hivyo.

Niliruhusiwa kutia chumvi lakini sikuruhusiwa kukoka moto, kwa kuwa moto, walisema, ni wa nyumba, si wa aliyeukoka. Nimewauliza watu wengi sababu ya tofauti hiyo. Wananijibu kwa kunieleza desturi yenyewe tena, polepole zaidi, kana kwamba tatizo langu ni masikio.

Mihogo ilikuwepo pia. Bwana shamba wa serikali alikuwa amewaamuru watu wote waipande kwa ajili ya njaa, na kila boma lilikuwa na mitamu ya kutafuna na michungu ya kuloweka na kupika. Siku moja shangazi, dada yake baba, alituletea kikapu kizima. Alikuwa mcheshi, mtu wa kucheka kabla hajamaliza maneno yake.

"Wifi yangu, nimekuonea huruma," alisema. "Watoto watafune."

Mama alimenya mmoja, akakata kipande kidogo, akakigusisha ulimi, akatema. Akakata mwingine. Akatema tena. Kikapu chote kilikuwa cha mihogo michungu, ile ambayo mtoto akiila mbichi anaweza asiamke.

"Wifi, hii ni michungu."

Shangazi alishika kinywa. "Lo! Nimesahau kabisa kwamba wewe hupiki!" Akacheka mpaka akashika nguzo ya mlango. "Basi ipike, wifi. Si unajua tu kwamba moto hauna neno?"

Mama alimrudishia kikapu na kumwambia asante, ajikaze kidogo anapokibeba maana ni kizito. Shangazi alipofika kwa bibi tulisikia wote wawili wakicheka.

Sasa, kwa nini mama hakukoka moto? Hilo ndilo swali ninaloulizwa na kila ninayemsimulia, na nilijiuliza mwenyewe kwa hasira miaka mingi. Alikuwa Mkristo, mwiko haukumhusu. Nilidhani alikuwa mwoga, mtu aliyekataa mwanamume akaukubali mwiko. Lakini nakumbuka ziara ya mzee wa kanisa.

Alikuja Jumapili mchana, amechoka, akakaa kwenye kigoda chetu, akaomba. Kisha akasema, "Mama, moto ni moto tu. Bwana ameumba kuni, ameumba na cheche. Shetani hakai jikoni."

"Amina, baba," mama alisema. "Basi nikoke sasa hivi. Nina maharage yamelowekwa. Utakula kwangu leo, watu wakuone."

Mzee alitazama jua. Akakumbuka kwamba njia ya kurudi misheni ni ndefu. Mama alimpa maziwa ya karanga kwenye kikombe cha bati. Aliyabeba mkononi muda wote akiaga, kisha akakiweka kikombe juu ya ukingo wa baraza, kimejaa. Maziwa hayo aliyanywa mdogo wangu.

Tangu siku hiyo mama hakuzungumzia tena kukoka. Angekoka, halafu mtoto yeyote wa jirani akakohoa, na watoto wa kwetu hukohoa kila kipupwe, jina lake lingekuwa mchawi. Hata kama moto haukujua chochote, watu walijua. Hilo ndilo jibu nililolipata baadaye, na silipendi.

Mvua zilipokatika matango yalikwisha. Shamba la karanga lilikuwa la ukoo. Bibi alilivuna yeye, akaanika karanga kwenye mkeka mbele ya mlango wake, mahali ambapo tungeziona tukienda kisimani. Ndizi tulizivundika ardhini kwa majani, lakini kwa baridi ile ziliiva upande mmoja na kuoza upande mwingine. Tulilala watatu ndani ya koti la baba. Hatukuwa na cheche hata ya kuota.

Bibi alihamishia mapishi yake nje. Alipika maharage na magimbi uani, upande upepo unakotoka.

"Njooni, wajukuu zangu," aliita kila jioni, kwa upole kabisa. "Njooni mle vya moto. Mwacheni mama yenu ale majani, ndiyo aliyoyachagua."

Mimi nilikuwa mkubwa, niliweza kuziba pua. Mdogo wangu alikuwa anajifunza kutembea. Akitoka mlangoni alitembea kuelekea moshi, na mama alimfuata, akambeba, akamrudisha. Akiwekwa chini, anaelekea moshi tena. Bibi aliwatazama huku akikoroga chungu. Hakumwita mtoto kwa mkono. Aliacha chungu kimwite.

Kilichobaki ndani kilikuwa maharage, ya shamba dogo la mama mwenyewe. Alikuwa akiyahifadhi kwa mbegu. Aliwaza, na kwa kweli aliwaza vizuri: ulezi mgumu ameulainisha kwa kuuchipusha, karanga amezilainisha kwa kuzitwanga, basi maharage nayo yatakubali. Akayaloweka mpaka yakavimba, akayaacha yachipue, akamwaga maji, akaloweka tena, akamenya maganda, akatwanga mpaka yakawa rojo jeupe. Nikatia chumvi. Yalikuwa na ladha ya majani mabichi, na baada ya majuma ya ulezi mtupu tuliyaona matamu. Mdogo wangu alikula kuliko sisi, kwa kuwa yalikuwa laini na mama alifurahi kumwona anakula.

Maji hayaondoi sumu ya maharage, wala kuchipua, wala mchi. Ni kuchemka tu. Hilo nimelisoma darasani. Mama hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu kwetu hakuna mtu aliyewahi kuwa na haja ya kujua: nani anakula maharage mabichi?

Jua halijafika utosini tulikuwa tunatapika wote. Mimi na mama tulitapika tukapumua. Mdogo wangu aliendelea. Alitapika mpaka ikawa kinachotoka ni maji ya kijani tu, akaharisha, na macho yake yakaingia ndani. Mama alimpa maji ya juani, yakarudi. Nilisikia shangazi akisema kule nje, "Kifo kimefanya kazi hata bila moto." Safari hii hakucheka.

Mama alimfunga mtoto kwenye kanga. Nilidhani anakwenda misheni. Alivuka uwanja moja kwa moja mpaka kwenye mafiga ya bibi na kumweka mtoto chini, karibu na moto.

"Mlishe," alisema.

Bibi hakuinuka. "Unasema mbele ya watu?"

"Nasema mbele ya watu, mama. Mlishe."

"Na mkubwa?"

Mama alinitazama. Nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja, nikitetemeka kwa baridi na kutapika.

"Na mkubwa," alisema.

Kisha bibi akafanya kazi. Sitamnyima haki hiyo: alijua kazi. Alichemsha maji, akatia chembe ya chumvi na asali kidogo, akampa mtoto tone kwa tone kwa kidole. Alasiri akapika uji mwepesi wa ulezi, akaupoza kwa kuumwaga kutoka kibuyu hadi kibuyu, akampakata. Mdogo wangu alikunywa. Huku akinywa alishika shanga nyeupe alizovaa bibi mkononi, akazivuta, na bibi akamwacha azivute. Nami nilipewa bakuli. Nilikula haraka. Ulikuwa moto mpaka ukanichoma ulimi, na sijawahi kula kitu kizuri kama kile.

Mama aliondoka siku iliyofuata, peke yake, bila kumkubali baba mdogo. Hakurudi Ileje, alipata kazi misheni ya kufua mashuka ya wagonjwa. Nilipopelekwa shule huko nilimkuta akisimama kutwa nzima mbele ya pipa, akichochea moto mkubwa kuliko wowote wa kijijini. Moto ule haukuwa wa nyumba ya mtu, kwa hiyo hakuna aliyeuogopa. Mdogo wangu alikulia kwa bibi na alimwita bibi mama. Mama alipokuja kumtazama, mtoto alijificha nyuma ya bibi na kuuliza huyu ni nani.

Mwaka jana, bibi akiwa amekwisha kufa, nilikwenda Tunduma kumwona shangazi. Anauza vitumbua karibu na mpaka, mnene sasa, bado mcheshi. Nilimwuliza, kama ninavyomwuliza kila mtu, kwa nini mjane hakuwa na njia nyingine.

"Nani kakwambia haikuwepo?" alisema, akigeuza vitumbua. "Njia ya shanga ipo tangu zamani. Mjane asiyetaka kurithiwa, mwanamke mzee wa ukoo anamfunga uzi wa shanga nyeupe, wanakoka moto pamoja, basi. Asubuhi moja tu. Babu yako alipokufa, bibi yako mwenyewe alimkataa shemeji yake. Alifungwa shanga."

"Na mama yangu angefungwa na nani?"

"Na bibi yako. Nani mwingine? Lakini angemfunga, si angeondoka na ninyi?"

Nikamwuliza shanga hizo alizofungwa bibi zilikwenda wapi.

"Hazivuliwi zile, mwanangu," alisema. "Tumemzika nazo mkononi."