Mstari wa Matope

Kazi yangu ilikuwa kutazama mistari. Tulikaa Mbuya, mtaa wa jijini, juu kilimani, chumba kimejaa skrini, tukifuatilia kisima cha mafuta kilichokuwa kikichimbwa ndani ya ziwa, huko mbali magharibi. Kila kilichopimwa kwenye mtambo kilitufikia papo hapo. Wageni walikuja kutusifu. Mimi sikuwa na raha hata kidogo, maana mdogo wangu alikuwa kule kule, kasimama kwenye chekeche, pale matope yanapotoka kisimani. Gesi ikipanda, inaanza na yeye.

Kwa asiyejua: matope mazito husukumwa chini ili yaikandamize gesi, kisha yanarudi juu. Yakirudi mengi kuliko yaliyoshuka, basi kisima kinasukuma, gesi inapanda. Hapo sheria ni moja, zima pampu uangalie kama bado yanatoka. Lakini jamaa wa mtamboni walikuwa na mazoea yao ya ajabu, kuhamisha matope tangi hili hadi lile bila kutuambia. Mstari unaoonyesha matope yaliyorudi ukipanda tunapiga simu, wanatucheka: tunahamisha tu, nyie kunyweni chai. Ikafika mahali mkubwa wetu wa zamu anauliza na kujibu mwenyewe. Swali gani hilo, jamani?

Alasiri moja mstari ukaanza kupanda, taratibu, na haukutulia. Nikamwambia mkubwa wangu tuwaamuru wazime pampu. Alikuwa mzee mpole, wa kuheshimiwa. Akanikumbusha kwamba sisi hatuamuru, tunashauri, na mwenye kusimamisha kazi ni msimamizi wa kule. Akainua simu, akauliza kwa heshima zake zote.

“Mnahamisha, sivyo ssebo?”

Wakasema ndiyo. Hata hawakwenda kuangalia! Mzee akarudi kwenye kikombe chake. Nikaikwapua ile simu, nikapiga tena, nikawafokea wazime sasa hivi. Aliyepokea alinibembeleza kama mtoto, akasema ngoja amwite msimamizi. Nikangoja, simu sikioni. Nikasikia king'ora, kisha watu wakikimbia kwenye vyuma, kisha kimya. Kwenye skrini mistari yote ilikuwa imekatika.

Wengi waliokolewa kwa boti. Mdogo wangu hakuwamo.

Siku hizi naambiwa sheria imebadilishwa, chumba kama kile kinaweza kuamuru pampu izimwe. Haya, vizuri. Wasinialike kushangilia.

Jioni ile ya ajali nilishuka nyumbani kwetu Namuwongo kumwambia mama. Habari zilikuwa zimenitangulia, majirani wamejaa mlangoni, wanawake wa kanisani wameshaanza kuimba. Mama alikuwa kwenye mkeka, macho makavu. Aliwaomba wanyamaze kidogo. Akanishika mkono akanivuta karibu.

“Mwanangu, si wewe ulikuwa unamwangalia?”

Nilimwambia kwamba kwenye skrini zile haonekani mtu, mama. Yanaonekana matope tu.