Bi Tatu Atuonjee Chumvi

Kisamvu kikishatwangwa kikalainika, kikachemka taratibu, hufika wakati wa kumimina tui zito. Hapo moto unapunguzwa, na harufu inaanza kutambaa nyumba nzima: majani mabichi, vitunguu saumu, nazi. Nikiwa jikoni kwangu hapa Kilindoni, bodaboda zikipiga kelele huko nje, harufu hiyo ikinipata tu basi mimi sipo tena. Nipo Baleni, kijijini kwetu, miguu pekupeku, na mama ananiita.

Nyumba yetu ilikuwa katikati ya minazi. Mwanga wa mchana ulishuka ukiwa umekatwakatwa na makuti, ukacheza uani kutwa nzima, na sisi tukaishi ndani ya kivuli kile kinachotembea. Upande wa pili wa ua alikaa Bi Tatu, mjane mtu mzima. Watoto wake walikuwa wameoa na kuolewa ng'ambo, yeye amebaki na paka wake mwekundu, minazi iliyozeeka na shamba la mihogo bondeni. Kwenye ua huo palikuwa na upenyo, na chini ya upenyo ardhi ilikuwa imelainika kwa nyayo zangu, maana mimi ndiye niliyekuwa mpeleka vyombo.

Nawaambieni, enzi hizo sikujua kama chakula kina mwenyewe. Papai la kwetu lililiwa kwa Bi Tatu, muhogo wa Bi Tatu ulichemka kwetu. Mama akipika vitumbua, vya kwanza kutoka jikoni vilivuka ua kabla baba hajaonja. Sharti lilikuwa moja tu, nalo nililijua kabla sijajua Alfatiha: chombo hakirudi kitupu. Bakuli likienda na boga, lirudi na bamia. Kama hakuna bamia, basi ndimu mbili, au hata kipande cha tangawizi. Kurudisha bakuli limeoshwa likang'aa, halafu ndani hamna kitu, ilikuwa ni sawa na kumwambia mwenzio kwamba ujirani umekwisha.

Mwaka mmoja masika hayakutaka kuondoka. Mvua ilinyesha mpaka bonde la Bi Tatu likatuama maji, mihogo yake ikaoza ardhini. Minazi yake nayo ilikuwa ikidondosha vidaka tu, vile vinazi vichanga visivyofaa kitu zaidi ya kuchezewa na sisi watoto. Shamba letu lilikuwa juu kidogo, likasalimika.

Hapo ndipo Bi Tatu alipoanza kuwa na shibe ya ajabu.

"Shikamoo Bi Tatu. Mama kasema hiki chakula chako."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mama nashukuru sana, lakini nimeshakula. Sasa hivi tu nimenawa mikono."

Nikarudi na bakuli langu. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Sikuona ajabu. Kwa akili yangu ya kitoto, mtu akisema ameshiba, ameshiba. Ila siku moja nilirudi nikicheka, nikamwambia mama kwamba paka wa Bi Tatu ana raha, kajikunja katikati ya mafiga, kalala juu ya majivu wala hayamuunguzi. Mama alikuwa akichambua mchele. Mikono yake ikasimama. Akaendelea kuutazama ule mchele muda mrefu, na mimi nikadhani ameona mdudu.

Siku iliyofuata mama akaugua mafua. Yalikuwa mafua ya namna yake: hapigi chafya, pua kavu, sauti safi kabisa. Lakini alisema ulimi umekufa, hasikii ladha. Akapakua kisamvu na wali kwenye lile bakuli kubwa la bati, akalifunika kwa kawa, akanitwika.

"Mwambie Bi Tatu namuomba sana anionjee chumvi. Mwambie mama haumwi sana, ila ulimi haumwambii kitu, na baba yako akirudi shamba akute chakula cha watu. Usirudi bila jibu."

Bi Tatu alilipokea bakuli, akalifunua, akanitazama mimi, akalitazama tena bakuli. Nakumbuka njiwa waliokuwa wakilia minazini. Kisha akakaa kwenye kibao, akanawa, akasema Bismillahi. Akaonja. Akaonja tena, maana alisema tonge la kwanza halimtoshi mtu kujua. Nilikaa mkekani nikimsubiri, paka akinisugua mgongo, na Bi Tatu akaonja mpaka bakuli likaonekana tako. Sijapata kumwona mtu akichunguza chumvi kwa makini namna ile.

"Kamwambie mama yako," akasema, akinioshea bakuli, "chumvi ameipunja. Na tui la kwanza alitie mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo. Asisahau."

Nikavuka ua na maneno yale nikiyarudia kimoyomoyo yasije yakanidondoka. Mama akayapokea kwa furaha utafikiri nimemletea kapu la embe.

Basi ikawa ndiyo desturi. Mafua ya mama hayakupona. Kila siku bakuli lilikwenda kuonjwa, na kila siku lilirudi na neno. Kunde hazijaiva. Mchuzi wa pweza umezidi ndimu. Hili boga ulilikatia nini vipande vikubwa hivi? Na kweli chakula chetu kilikuwa kimepooza siku hizo. Baba akikaa kula, anaonja, anatazama dari, kisha anaunyosha mkono kimyakimya kuchukua kopo la chumvi. Mama yangu, ambaye harusi za Baleni nzima zilikuwa zikimngoja yeye ndipo sufuria litelekwe, alikuwa hawezi tena kuunga mchuzi!

Bi Tatu naye akachangamka. Wakati mwingine hakuningoja nirudishe majibu, alipaza sauti kutoka kwake: "Mama Zuhura! Leo chumvi umeisahau dukani?" Mama anajibu huku akicheka, "Ndiyo hivyo, Bi Tatu, bila wewe ningekuwa mgeni wa nani?" Wapita njia wakasikia. Kisimani wakasikia. Mwisho habari zikafika chuoni, nikiwa nimekaa na juzuu langu magotini, na mtoto mmoja akaniambia mbele ya wenzangu kwamba mama yangu hata chai ataitia chumvi. Nililia njia nzima. Nikamuuliza mama kwa nini anakubali kutangazwa vile, si aache tu kupeleka chakula kwa yule bibi anayemsema?

Mama akanifuta uso kwa pindo la kanga. "Siri ya mtungi aijuaye kata," akasema. "Na wewe si kata. Haya, peleka bakuli."

Nilimchukia Bi Tatu, sitaficha. Nilimwona mtu anayekula chetu na kututukana.

Ukaingia Mfungo Sita, na Baleni wakajiandaa kwa maulidi. Wanawake walikusanyika uwanja wa nyuma ya msikiti asubuhi na mapema, moshi wa makumbi ya nazi ukiwa umetanda chini chini kiasi kwamba watu walionekana kuanzia kiunoni. Kila mwaka sufuria kubwa la mchuzi lilikuwa la mama. Mwaka ule wakubwa wa shughuli walitazamana, wakakohoa kidogo, kisha sufuria akakabidhiwa Bi Tatu. Mama akapewa mbuzi ya kukunia nazi, pamoja na wasichana.

Mama alikaa kwenye mbuzi, akakuna. Hakununa. Mimi nilinuna kwa niaba ya ukoo mzima. Nilikaa pembeni yake nikiokota machicha yaliyoruka, na kila kicheko kilichotoka upande wa masufuria nilijua ni chetu.

Mchuzi ulipokaribia kuiva, Bi Tatu akachota kwa upawa, akapuliza, akaweka ulimini. Kisha akaita, kwa sauti ile ile ya juu ya ua:

"Mama Zuhura! Hebu njoo unionjee chumvi."

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Bi Tatu nawe! Umekosa watu wote, unamwita huyo?"

Bi Tatu hakucheka. "Namwita huyo huyo," akasema. "Ninyi mmesikia maneno yangu tu. Mimi nimekula mkono wake tangu masika, na sikulala na njaa hata siku moja. Njoo, mwanangu."

Mama akainuka, machicha yamemjaa kangani, akaenda akaupokea upawa. Akaonja akiwa amefumba macho. "Bado kidogo," akasema kwa sauti ndogo, na Bi Tatu akatia chumvi kiganjani mwa mama, mama akainyunyiza mwenyewe. Kisha mama akajifuta macho, akasema moshi wa makumbi mkali. Nami nikaamini ni moshi. Niliona fahari tu kwamba tumerudishiwa sufuria letu.

Mihogo mipya ya Bi Tatu ilipokomaa, bakuli la kwanza kuvuka ua lilitoka kwake, limejaa, linafuka moshi. Mafua ya mama yakapona siku hiyo hiyo. Baba akala mpaka akalegeza mkanda, na hakuna aliyeniambia kitu, na mimi sikuuliza.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, na hazikunifundisha fikira, ilinifundisha sahani. Kazi yangu ilikatika, mume yuko safarini hana habari, mtoto bado ananyonya, nami nikawa nafunga mlango mapema watu wasione jiko langu. Jirani mmoja, mwanamke mwema ambaye mpaka leo namwombea dua, akamtuma binti yake na sahani ya wali na samaki. Binti akasimama mlangoni, akasema kwa adabu zote kama alivyotumwa: "Mama anasema upokee tu, anajua leo hamjapika."

Nilipokea, nikashukuru, nikafunga mlango. Wali ulikuwa umepikwa vizuri, chumvi yake sawasawa. Nilikaa nao mapajani mpaka ukapoa, tonge la kwanza likikataa kushuka, na nikamlilia mama yangu, aliyekubali kijiji kizima kimwite hajui kupika ili jirani yake apate kumeza.