Mpasua mawe wa Mbotela aliyempelekea babake mto

Jua halijapanda juu ya mabati ya mtaa wa Mbotela, na tayari nyundo ya Ndindi Nyamai inalia. Amepiga goti moja kwenye gunia, mguu wa pili ameukandamizia ubavuni mwa jiwe lisiteleze. Anaegemeza tindo kwenye ufa mwembamba ambao mgeni hawezi kuuona, anagonga taratibu, anasogea, anagonga tena. Mara jiwe linafunguka vipande viwili, kama chapati inayoachana tabaka kwa tabaka.

“Usiligombeze,” anasema, akipangusa vumbi usoni kwa leso. “Hili lilijipanga lenyewe. Ukifuata mpangilio wake, linakuachia.”

Ndindi, 43, hupasua mawe ya Mazeras, yale mabapa ya kahawia na manjano yanayotandazwa kwenye nyua za Nairobi. Malori huyaleta kutoka Pwani hadi yadi ya Bi Shamso, kando ya Barabara ya Jogoo. Siku njema humpa shilingi mia nane. Mvua ikinyesha na wateja wasije, hurudi nyumbani mikono mitupu. Vumbi limemwachia kikohozi, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakikunjiki tena.

Lakini ukimuuliza habari za kazi yake, ataanza na habari za babake.

Mzee Nyamai, mzaliwa wa Wamunyu, Ukambani, alichonga vinyago kwa zaidi ya miaka thelathini katika karakana moja huko Pumwani. Presha ya macho ikamwibia nuru polepole, hadi asubuhi moja alipoamka na kuuliza kama stima zimepotea, ilhali jua lilikuwa limejaa chumbani.

Ndindi akamhamishia kwake. Mzee akawa anashinda kwenye kiti kando ya mlango, hataki kutoka. Tezo zake za kuchongea akamgawia jirani. Chakula alikigusagusa tu.

Kwa kuwa Ndindi ana jina la nyanyake mzaa baba, babake humwita “mwaitu”, yaani mama kwa Kikamba. Jioni moja alimwambia, “Mwaitu, nirudishe nyumbani nikangoje siku yangu. Hapa nakula cha bure.”

“Nyumbani hakuna mtu, Baba. Nani atakupikia?”

“Sikusema nataka kupikiwa.”

Ndindi alitoka nje akajifanya anaanua nguo. “Nililia ndani ya shuka za majirani,” anakumbuka, akicheka kidogo. “Hata zangu hazikuwa pale kambani.”

Ilikuwa Machi mwaka jana, siku chache baada ya maneno hayo, alipopasua jiwe moja nene na kukuta ndani yake uso usio laini. Ulikuwa na mawimbi madogo madogo, yamefuatana safu kwa safu, kama mchanga wa mtoni maji yakishaondoka.

“Hiyo ishaharibika, Ndindi, weka kando,” akasema Job, mpakiaji wa yadi. “Nani atanunua kitu imekunjana hivyo?”

Mteja aliyekuwa akichagua mawe ya kibaraza chake, Mwalimu Awiti, alichuchumaa kando yao. Hufundisha jiografia. “Haijaharibika,” akasema. “Huu ulikuwa mchanga, na maji yakapita juu yake.”

Akawaeleza bila haraka. Kwamba mlima nao huliwa na mvua, jua na baridi, ukabanduka vipande vipande. Mto huvibeba vipande hivyo ukivigonganisha njiani, hadi viwe mchanga na tope. Mahali maji yanapopungua nguvu, vizito hutua kwanza, vyepesi huendelea na safari. Mashapo hayo hulaliana tabaka juu ya tabaka, ya juu yakiyakandamiza ya chini, na madini yaliyoyeyuka katika maji hubaki kati ya chembe na kuzishika kama saruji. Mawimbi haya, akasema, yalifunikwa na mchanga mwingine kabla hayajafutika. Miaka zaidi ya milioni mia mbili iliyopita.

“Na mchanga wenyewe ulitoka wapi?” Ndindi akauliza.

“Bara. Mito ya wakati huo ilishuka kutoka bara. Huenda mwingine ulitoka milima iliyokuwa upande wa kwenu, Ukambani.”

Ndindi alimwendea Bi Shamso akamwomba lile jiwe. “Chukua, mama,” akajibiwa. “Lakini utalibeba na nini?”

Job, ambaye dakika chache kabla alitaka litupwe, ndiye aliyelisukuma kwa mkokoteni hadi mlangoni.

Walimwekea Mzee mapajani.

“Nini hii baridi?” akauliza. Kisha vidole vyake vikaanza kutembea, kwanza kimoja, halafu vyote. Vilipanda wimbi, vikashuka, vikarudi.

“Nani amechonga hii?”

“Maji, Baba.”

Mzee akapitisha kiganja tena, pole pole, kama anayempapasa mtoto aliyelala. “Upande huu umesimama, ule umelala,” akasema hatimaye. “Basi maji yalikuwa yanaelekea huku.” Akanyoosha mkono kuelekea ukutani. “Fundi. Huyu ni fundi, mwaitu.”

Usiku huo alimaliza sahani yake na kuuliza kama kuna ugali umebaki. Asubuhi aliomba fimbo na kutaka kupelekwa yadini.

Tangu hapo huketi chini ya kivuli cha turubai, ndoo ya maji kando yake, akisugua kingo za mabapa kwa jiwe gumu hadi zisikwaruze mguu wa mtu. Hupima kwa kidole gumba. “Sikumchukua kwa huruma,” anasisitiza Bi Shamso. “Kuna wateja wanaotaka yaliyopitia kwa mzee peke yake.”

Si kila siku ni njema. Kuna asubuhi ambazo Mzee hukataa kuamka, na Ndindi humwacha, akirudi mchana kumwangalia. Lakini habari ya kurudi Wamunyu kungoja siku yake haijatajwa tena.

Sasa wana mpango mwingine. Dereva wa lori amekubali kuwachukua mwezi wa Agosti hadi machimboni huko Pwani, ambako Ndindi, kwa miaka yote hii ya kupasua mawe, hajawahi kufika. Anasikia kuna ukuta wa mwamba mrefu kupita ghorofa za mtaa wa Kware, matabaka yote yakiwa wazi.

“Nataka aguse aanzie chini,” anasema. “Nikipata ngazi, apande hadi pale mkono utakapofika.”

Chini ya turubai, Mzee Nyamai ameacha kusugua. Amesikia.

“Mwambie huyo dereva,” anasema, “mimi nakaa mbele, dirishani.”