Shahidi wa Mshtakiwa

Kabla sijawa hakimu nilikuwa mkalimani katika korti ya Homa Bay. Hakimu alikuwa Mzungu, walioletwa mbele yake walikuwa wavuvi na wakulima wa kandokando ya ziwa, nami nilisimama katikati nikigeuza Kijaluo kuwa Kiingereza na Kiingereza kuwa Kijaluo. Nilimwogopa yule mzee kwa namna ya ajabu. Alitamka hukumu kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, na mtu aliyeingia na pingu akatoka akipunga mikono. Nilijiuliza mtu anapata wapi ujasiri wa kusema neno kama lile.

Baada ya uhuru walitafutwa Waafrika wa kukaa kwenye viti vile. Nikapelekwa Nairobi kusomea sheria, na niliporudi nikapangiwa Migori, hakimu wa daraja la chini kabisa. Asubuhi ya kwanza niliingia kortini, watu wote wakasimama. Niligeuka nyuma kutazama ni nani mkubwa anayeingia. Karani wangu aliinamisha kichwa ili nisimwone akicheka.

Kesi ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya ng'ombe. Mkuria mmoja, mkulima kutoka Kegonga, alikuwa ameibiwa dume lake la kulimia, akalifuata kwa kuulizaulizia mpaka akalikuta katika boma la kijana mmoja Mjaluo, karibu na Masara. Polisi walilileta dume lenyewe, likafungwa nje ya korti, likawa linakula ua wetu huku kesi ikiendelea.

Mlalamishi alipopanda kizimbani hakuzunguka.

"Bwana Hakimu," alisema kwa Kiswahili chake, "mimi najua hapa nimekuja kwa Wajaluo, na wewe pia ni Mjaluo. Lakini ng'ombe ni yangu."

Nilimwambia aseme yote aliyo nayo, nitasikiliza. Moyoni nilijua hakuamini, na nisingeweza kumlaumu.

Kijana naye alijitetea vizuri. Dume lile, alisema, lilizaliwa kwa mama yake, likakulia pale pale, na jirani waliolishuku walikuwa na wivu tu. Nikamuuliza kama ana shahidi.

"Ninaye. Mama yangu mzazi."

Mama alikuja siku iliyofuata. Alikuwa mjane, Msabato, amevaa gauni jeupe lililopigwa pasi kwa uangalifu. Karani alimpa Biblia ya korti ashike. Akasema anayo yake, akaitoa kwenye kitambaa. Alikula kiapo polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto asioujua kina.

Kijana aliruhusiwa kumuuliza maswali mwenyewe. Alimtolea tabasamu.

"Mama, waambie dume hili lilizaliwa wapi."

Mama alimtazama, kisha akanigeukia mimi.

"Bwana Hakimu, ng'ombe huyu hakuzaliwa kwangu. Nilimkuta bomani asubuhi. Nilipouliza, sikujibiwa."

Kijana alishika ukingo wa kizimba.

"Mama! Sema vizuri!"

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "nimesema."

Nilikuwa na kalamu mkononi nikashindwa kuandika. Nilikuwa nimesoma sheria ya ushahidi, nimeikariri, nimefaulu mitihani yake; sikujua kwamba kitu hicho kina uzito huu. Mimi nilikuwa na askari, kiti na nembo ya serikali ukutani. Yeye alikuwa na mtoto mmoja tu, na alikuwa amemtoa.

Nilimhukumu kijana kifungo, na dume likarudishwa kwa mwenyewe. Sauti yangu ilitoka chini sana, ya kunong'ona, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule Mzungu wa Homa Bay labda naye hakuwa na ujasiri wowote.

Kupitia dirishani nilimwona Mkuria akimfungua ng'ombe wake. Mama alikuwa amesimama peke yake, hakuna jirani aliyemsogelea. Yule mtu akamwendea, akavua kofia, akampa mkono wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto. Hawakuwa na lugha moja. Walisimama hivyo, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Miaka ya sitini ilipokaribia kuisha nilipandishwa cheo, nikarudishwa Homa Bay kuwa hakimu mkuu wa mahakimu wadogo wa sehemu zile. Siku chache kabla sijahama, karani aliniambia kuna mama anataka kuniona, hana kesi.

Alikuwa yeye, na gauni lake jeupe. Alikataa kiti.

"Nimekuja kukuambia mwanangu amerudi nyumbani," alisema. "Analima. Jana tulikula pamoja."

Nilijikuta nimesimama, kama watu wanavyosimama hakimu anapoingia.