Kipande Kilichouzidi Mkono Wangu

Katika siku zote nilizokaa mbele ya piano, mwanangu, ipo moja ambayo nikiikumbuka bado naona haya, nayo ni siku Mwalimu Sabina alipoupima mkono wangu kwa uzi. Nilikuwa msichana wa sekondari hapa Lodwar. Aliniambia nitandaze mkono wa kulia juu ya piano kadiri ninavyoweza, akavuta uzi mweusi kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, akaukata kwa meno, akautia ndani ya kopo la peremende. Hakunieleza lolote. Nami sikuuliza.

Mwalimu Sabina alikuwa mtu wa Kenya. Ndivyo tulivyowaita watu waliotoka kusini, kana kwamba Turkana ni nchi nyingine, na wapo wanaosema hivyo hadi leo. Alifundisha shuleni kwetu, na ndiye aliyeshika ufunguo wa ukumbi wa kanisa, mlimokuwa na piano pekee niliyoijua. Alikuwa mkavu wa maneno. Mimi kwa kushuku watu sijambo mpaka sasa, na wakati ule nilikuwa nimezidi. Nilifika nyumbani Nawoitorong nikamsimulia bibi habari za ule uzi. Bibi akaacha kukamua mbuzi, akanitazama.

"Mtu wa Kenya anachukua kipimo cha mwili wako ya nini?" akauliza. "Fundi wa nguo anapima bega. Huyu anakushonea nini kwenye vidole?"

Swali lile likanikaa kifuani.

Tulikuwa wanafunzi wawili tuliofika ngazi ya kati, mimi na Apua, msichana wa Kakuma mwenye vidole virefu aliyekuwa akilala bwenini. Vipande vya mwanzo tulikuwa tumevimaliza, lakini hatukuwa tumeiva. Hapo ndipo pagumu, mwanangu, na wewe ndipo ulipo sasa, kwa sababu kila kipande kikubwa unachokisikia unadhani kinakuita wewe. Na mwaka ule kulikuwa na jambo. Mgeni kutoka chuo cha ualimu angekuja kutusikiliza, achague msichana mmoja akasomee kufundisha muziki. Mmoja tu. Nilikitaka chuo hicho kuliko kitu chochote duniani.

Apua akapewa kipande kirefu chenye kishindo, kile ambacho hata wapita njia husimama dirishani kukisikiliza. Mimi nikapewa vitatu vyembamba. Kimoja cha polepole, kimoja cha mwendo wa dansi, na kimoja ambacho mkono wa kushoto ndio wenye kazi na wa kulia unausindikiza. Nilizitazama zile karatasi nikajua nimeshauzwa. Tangu siku hiyo nikawa mpelelezi. Nikiingia ukumbini Mwalimu akafunga daftari, nilijua ni mimi aliyekuwa akiandikwa. Akimsifu Apua, nilinuna. Akinisifu mimi, niliogopa zaidi, maana nilidhani ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Wewe, hii mwalimu anakuchezea," Apua akaniambia tukiwa kwenye foleni ya maji. "Si uchukue tu hii yangu? Siku ya mgeni ikifika, piga hiyo. Atakufanya nini?"

Hata Apua nilimshuku kidogo kwa ukarimu huo, lakini karatasi nilizichukua.

Mchana, jua linapowalaza watu na mbwa, nilikuwa naingia ukumbini kwa dirisha la nyuma. Kipande cha Apua kilianza kwa noti nne za kubonyezwa pamoja, na ya kwanza na ya mwisho zilikuwa mbali kuliko mkono wangu. Mtu mwenye akili angezikunja zile karatasi. Mimi nikaamua kwamba mkono ndio wenye makosa. Basi kila jioni nikawa naufungua mkono juu ya kibuyu cha maziwa cha bibi, vidole vimepanuka, nikiukandamiza kwa ule wa pili mpaka machozi yanitoke. Niliamini utarefuka. Usicheke, mwanangu. Au cheka, lakini usijaribu.

Wiki ya tatu maumivu yakaanzia kwenye kiganja, yakapanda mpaka kiwiko. Hata kikombe cha chai kikanishinda. Na unajua nilimshuku nani? Sikukishuku kibuyu, wala kipande cha Apua. Nilimshuku Mwalimu na uzi wake. Nikasema sasa nimeelewa, mkono wangu umefungiwa ndani ya lile kopo. Kesho yake mchana nikaingia ukumbini, nikavunja kufuli ya kabati la Mwalimu kwa jiwe, nikalitoa kopo nikalichome moto.

Kabla ya kulichoma nilitaka kuona. Ndani mlikuwa na nyuzi nyingi, kila mmoja umezungushiwa kikaratasi chenye jina la mwanafunzi. Niliufungua wangu. Chini ya jina langu kulikuwa na orodha ya vipande vya mwaka ule, vya mwaka unaofuata na vya mwaka wa tatu, na kila kimoja kimetiwa alama kwamba noti zake za mbali uzi unazifikia. Vya mwaka wa tatu vilikuwa vigumu kuliko kile cha Apua. Mwisho aliandika: "Mkono wa kushoto umelala. Uamshwe mapema, mgeni atausikiliza huo kwanza."

"Umepata ulichokuwa unatafuta?"

Alikuwa Mwalimu Sabina, amesimama mlangoni.

"Nilidhani umeniroga, Mwalimu," nikasema.

Alikuja akanishika mkono, nami nikapiga yowe. Ndipo akaketi kwenye benchi, akaugeuza mkono huku na huku, na nikaona macho yake yamejaa machozi.

"Uliniona nikikupima," akasema. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?" nikamjibu, ukali bado haujanitoka.

"Hilo ni kosa langu," akasema. "Lakini la kwako ndilo litakaloumiza."

Na liliumiza. Mgeni alipokuja nilikuwa benchi la nyuma, mkono umefungwa bendeji kutoka vidoleni mpaka juu ya kiwiko. Apua akapiga, akachukuliwa. Wala hakudhulumu mtu, alipiga vizuri. Mimi nilikaa miezi minane bila kugusa piano, na nilipopona, chuo kilikuwa kimeshapata watu wake. Tangu hapo nimepiga kanisani na kuwafundisha watoto wa watu. Nayapenda maisha haya, lakini chuo kile bado kinaniuma, sitakudanganya.

Sasa wewe uko Kakuma na kinanda chako cha umeme, na umenitumia video ya kijana fulani anayepiga kipande cha kasi, vidole havionekani, ukaniuliza kama unaweza kuanza hicho. Nimekutumia vitatu vingine, nawe umenijibu "sawa" tupu. Mimi hiyo sawa naijua.

Haya, sikiliza. Kabla ya kuchagua kipande, usianze na ukurasa wa kwanza, maana kurasa za kwanza zimetengenezwa zikuvute. Fungua katikati, tafuta mahali penye noti nyingi, uweke mkono hapo taratibu. Mkono ukivutika mpaka ukauma, funga, hata kama ulimwengu mzima unakipiga. Kisiwe na mambo mageni manne kwa mara moja. Moja linatosha, la pili likizidi sana. Siku zote uwe na kimoja unachoweza kukimaliza mwezi huu, ili usikate tamaa na kile kinachokutoa jasho. Na kile unachokikwepa kila siku kwa visingizio, mara nyingi ndicho unachokihitaji. Chako ni kile cha polepole kati ya vile vitatu. Nimekusikia kwenye simu unavyokikimbiza ili kiishe.

Lakini haya yote unaweza kuyasahau, ukashika moja. Sikuambii uache kushuku, mimi mwenyewe sijaacha. Ukinishuku, nipigie simu uniambie, "Mama, hiki umenipa kwa nini?" Nami nitakujibu noti kwa noti, hata nikiwa jikoni. Nikishindwa kujibu, tafuta mwalimu mwingine, sitakasirika.

Nenda, mwanangu. Akuj, Mungu wetu, akulindie mikono yote miwili, akupe walimu wenye maneno mengi kuliko yule wangu, na usije ukakaa hata siku moja benchi la nyuma ukisikiliza mtu mwingine akipiga mahali pako.