Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka kwetu Rasbura, Lindi, nimekuja Kilwa Masoko kuchapa barua za watu katika duka la mjomba wangu. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mitumba ya kila namna imeingia, na kompyuta yetu nayo ilikuwa mtumba. Dukani ni mimi peke yangu niliyejua kuitumia, na kichwa kilinivimba kwa hilo.

Nilipoaga nyumbani, mama alinipa kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake. Kwetu kitu cha thamani hakikai wazi: redio ina kitambaa chake, kochi lina chake. Basi nikaifunika kompyuta, si jioni tu baada ya kuizima, bali mchana kutwa ikifanya kazi, nikaacha kioo na vitufe tu. Ilipendeza, sikufichi. Baada ya miezi kadhaa, wiki nzima ikawa inakoroma kama mwenye pumu, mara inazima yenyewe, nami nikalaumu jenereta ya mji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa nilikuwa nimeufunika mwenyewe.

Asubuhi ya siku ile ninayokuambia akaja Bi. Mwanahawa, mwenyekiti wa kamati ya akina mama wa kisiwa kimoja jirani na Songo Mnara. Kwao hapakuwa na zahanati. Mwezi uliopita mkwe wake alishikwa na uchungu, wakachelewa kupata chombo, mtoto akafia njiani. Sasa wafadhili walikuwa wakipokea maombi, na mwisho ulikuwa kesho yake. Alileta kurasa kumi na mbili zilizoandikwa kwa mkono. Nizichape, aondoke nazo kwa mashua ya saa kumi zikapigwe muhuri wa kijiji, kisha asubuhi azirudishe wilayani.

"Utaweza, mwanangu?"

"Nitaweza, Bibi. Mashine hii haina mchezo."

Nilifika ukurasa wa tisa, kioo kikawa cheusi. Nikawasha, baada ya dakika tatu ikazima tena. Na sikuwa nimehifadhi hata mstari mmoja, kwa jinsi nilivyojiamini. Bi. Mwanahawa hakunigombeza. Aliweka mikono mapajani, akasema taratibu, "Basi, Mungu hakupenda." Nilijua si Mungu, ni mimi, na niliona aibu mpaka machozi. Nikaapa moyoni kwamba maombi yale yatatoka siku ile ile, hata kama nitayaandika kwa mkaa.

Nikakimbilia duka la pili kwa Mzee Chande, fundi redio. Miezi yote nilikuwa nampita tu, nikimwona mtu wa zamani asiyeweza kunifunza kitu. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Leo umenikumbuka," akasema, akachukua bisibisi yake.

Alipofika alikinyanyua kitambaa kwa vidole viwili. "Hiki nani kaweka?"

"Mimi, Mzee. Nailinda na vumbi."

"Umeipenda mpaka umeiziba pua."

Akaiwasha, akabonyeza kitufe kabla haijaamka sawasawa, ikaonyesha joto la prosesa, yaani ule ubongo wa mashine. Digrii themanini na moja, na haijapewa kazi yoyote. Akanieleza kwamba kila prosesa ina kikomo chake, lakini kwa mashine ya umri ule hamsini ni afya, sitini ikiwa na kazi nzito si neno, na ikipita sabini uanze kuogopa. Yetu ilikuwa na bahati ya kujizima. Nyingine za zamani huungua kimya kimya.

Nikamwambia tuielekezee feni ya mezani, niendelee. Akakataa. "Mgonjwa wa homa humpepei tu. Tafuta homa imetoka wapi."

Akaichomoa kwenye umeme, akaifungua. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami niliinama. Feni ndogo juu ya prosesa ilikuwa imeota manyoya ya vumbi, na chini ya lile bati la mapezi linalonyonya joto, dawa nyeupe ya kupitishia joto imekauka kama chokaa. Nikasafisha mwenyewe kwa brashi kavu, nimeizuia feni kwa kidole isizunguke. Mzee akafuta dawa ya zamani kwa spiriti, akaweka mpya, ile ile anayotumia kwenye redio kubwa, kiasi cha punje ya mchele. Nikamwomba aongeze. Akasema ikizidi nayo huzuia joto. Tukaisogeza mashine mbali na ukuta shibiri moja, tukawasha. Arobaini na nane.

Ilikuwa saa saba kasoro. Bi. Mwanahawa akavaa miwani, akanisomea, nikachapa, kila aya nikihifadhi. Sikula wala sikusimama. Alipofika kwenye habari za mkwe wake akaishia katikati ya sentensi. Akanywa maji, akairudia sentensi ile ile tangu mwanzo. Saa tisa na nusu printa ikatoa ukurasa wa mwisho. Bahari ilikuwa imechafuka, kwa hiyo nikazifunga karatasi kwenye nailoni, na juu yake kitambaa cha mama.

Zahanati ilijengwa. Miaka ilipita kabla sijafika huko, na nilipofika nilikikuta kitambaa kimefunika mizani ya kupimia watoto. Muuguzi alikiondoa, akampima mtoto wa kike aliyekuwa akipiga mateke, kisha akakirudisha.

Basi mwanangu, najua unataka kuitupa kompyuta yako kuukuu kwa kuwa inazimazima. Usiitupe kabla hujaifungua. Angalia joto lake, iondolee vumbi, ibadilishie dawa, iachie nafasi ya kupumua. Kazi ya mtu ihifadhi kabla hajakuomba. Na jirani anayejua usimpite kwa kiburi, kuuliza si ujinga. Ukipenda kitu, jua kwanza kinaishi vipi, ndipo ukifunike.

Mwenyezi Mungu akupe mikono yenye subira, na kila aliyekuja kwako na shida yake aondoke nayo imefungwa vizuri, isilowe njiani. Amina.